Mikono Nyuma Mkifika Ukutani

Vijana wangu, nyinyi mliozaliwa hapa Johannesburg, mnaosikia Kiswahili vizuri kabisa halafu mnanijibu kwa Kiingereza, leo nisomeni mpaka mwisho. Mmoja wenu aliniuliza juzi kanisani, "Babu Kabulo, kazi yako ilikuwa nini hasa? Kuonyesha watu nyumba zilizobomoka?" Wenzake wakacheka. Mimi nami nikacheka, maana ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi niliwapeleka Wakristo wetu, Wakongo wa Joubert Park, Wakenya wa Braamfontein, Warundi na Watanzania, kuona nyumba za kale za watawa huko milimani Natal. Chache bado zina watawa wazee. Nyingine zimebaki kuta tu. Mwishoni mwa 2019 magoti yalikataa ngazi, nikaacha. Sasa nakaa Kensington, nina kiti barazani, na nina muda wa kutosha wa kuwasema.

Aliyenitia kwenye kazi hii ni Mzee Sibomana, Mrundi mmoja mrefu ambaye suruali yake ilipigwa pasi hata siku ya safari. Alisomeshwa na mapadre kwao mpaka akakaribia kuwa mmoja wao. Mimi wakati huo nilikuwa mlinzi wa jengo la maofisi Braamfontein. Alinisikia nikimweleza mgeni njia ya kwenda stesheni ya Park bila kunyoosha kidole hata mara moja. "Wewe unajua kueleza," aliniambia. "Wengi wanajua kuonyesha tu." Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi lake, nimeshika orodha ya watu na mfuko wa karatasi za chooni.

Hizo karatasi za chooni msizidharau. Kikundi kikishuka basi baada ya saa sita za njia, hata ukiwa na abasia, yaani nyumba kuu ya watawa, nzuri kuliko zote duniani, hakuna atakayeitazama kabla ya kujua choo kiko wapi. Waambie choo kwanza, historia baadaye.

Siku ile ya kwanza mimi nilikimbilia kanisani, maana ndiko kwenye matao makubwa. Mzee Sibomana aliniita nyuma. "Umeanzia mwisho," alisema. Akanishika bega akanipeleka kwenye majani, akanionyesha mfereji wa mawe uliojaa udongo. Ukifika kwenye magofu ya watawa, tafuta kwanza maji yalipita wapi. Hawakujenga mahali pasipo maji, kwa hiyo mfereji ndio utakaokuambia walianzia wapi. Ukitoka kwenye mfereji tafuta jiko, kwa sababu dohani hudumu kuliko paa. Karibu na jiko utaona ukumbi wa kulia, na kwenye ukuta wake kijukwaa kilichoinuka kidogo. Hapo mtawa mmoja alisimama akiwasomea wenzake wakati wanakula, maana wao hawakuruhusiwa kuongea. Ukishajua watu hawa walinawa wapi na walikula wapi, sasa nenda kanisani. Utaliona kwa macho mengine kabisa.

Yale matundu ya mraba yaliyojipanga ukutani si ya bunduki, wala si ya kufichia dhahabu, kama alivyonibishia shemasi mmoja kwa dakika ishirini nzima huku ametia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Ni mahali mafundi walipochomeka miti ya jukwaa walipokuwa wakijenga. Na nendeni asubuhi. Asubuhi jua linapita ubavuni mwa ukuta na kila alama inaonekana, mikwaruzo ya mwiko, hata nyayo za mbwa aliyekanyaga tofali bichi. Saa sita mchana mtatazama ukuta huo huo na hamtaona kitu.

Niwaambie ukweli, niliwapenda watawa wale, ingawa sikuwahi kukutana nao. Walitoka mbali, hawakujua lugha ya mahali, na wakaahidi kunyamaza. Waliongea kwa ishara za mikono, ishara ya mkate, ishara ya maji, ishara ya nyuki. Sisi tumekuja Johannesburg kutoka mbali vilevile, lakini kunyamaza kumetushinda. Mzee Sibomana alikuwa na desturi ya kukalisha kikundi kwenye kanisa lisilo na paa na kuomba dakika tano za kimya. Tano tu. Mara moja nilipokuwa naye, dakika ya pili simu ya mama mmoja ililia wimbo wa sifa, na kabla hajaizima watu wanne walikuwa wameshaitikia kiitikio, mmoja kwa sauti ya pili. Mzee Sibomana alifumba macho tu. Nadhani aliomba uvumilivu.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwenye magofu tuliyoyatembelea zaidi, ambayo jina lake nitalificha, kuna ukuta wa upande wa kaskazini. Kwenye ukuta huo, kimo cha kifua, kuna tofali lenye alama ya kiganja. Mtu aliligusa likiwa bado bichi, likaanikwa na kuchomwa hivyo hivyo, vidole vitano na mistari ya kiganja. Limekaa hapo zaidi ya miaka mia. Mzee Sibomana kila mara alisema maneno yale yale, "Mkono wa mtu. Hatujui wa nani." Kisha akaendelea na safari.

Aliporudi kwao Bujumbura kuzeeka, kikundi kikawa changu. Na mimi, vijana wangu, nilipenda kusikilizwa. Niliona watu wakipita kwenye tofali lile kama wanavyopita kwenye robot, taa ya barabarani, ikiwa ya kijani, na ikaniuma. Siku moja mtu aliuliza mkono ni wa nani, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Ni mkono wa mtawa mtakatifu. Alifunga siku tatu, kisha akaubariki ukuta." Watu wakashusha pumzi. Wengine walivua kofia. Basi nikanogewa. Kila safari nilipiga chuku kidogo zaidi, na mwaka ulipokwisha yule mtawa wangu alikuwa amefunga siku arobaini na amekufa amepiga magoti.

Mwaka 2017 nilipeleka kikundi cha maombi cha Joubert Park, watu ishirini na wawili. Kati yao alikuwamo Mama Furaha wa Uvira, mwenye meza kando ya barabara, anayeuza samaki wakavu, vitenge na pemba, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito. Mama mwenye imani ya kuhamisha gari bovu. Safarini hakuwahi kukosa chupa yake ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Niliposimulia habari za mtakatifu wangu, machozi yalimtoka.

"Papa Kabulo," aliniambia, "ile mukono iko na upako. Naweza kuipaka mafuta?"

Ningeweza kusema hapana. Nilijua kwamba ule si mkono wa mtakatifu yeyote, kwa sababu mtakatifu nilimtunga mwenyewe. Lakini watu ishirini na wawili walikuwa wananitazama kwa heshima, na heshima ni tamu. Nikasema, "Paka, mama."

Nilidhani tone. Alimimina nusu chupa. Kisha kila mmoja akaja kuweka kiganja chake juu ya kiganja kile, wakisugua na kuomba. Tofali la kale ni kavu sana, linakunywa. Kwa muda wa kumaliza sala moja doa jeusi lilikuwa limeenea ukubwa wa sinia, na vidole vya yule mtu havikuonekana tena.

Ndipo akaingia Gogo Zondi. Huyu alikuwa bibi wa Kizulu aliyekaa na ufunguo wa mahali pale, mwembamba, mwenye maneno machache. Miaka yote alitufungulia geti na kurudi kwenye bustani yake. Alisimama akatazama ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo bibi wa umri wake hafanyi mbele ya wageni: alivua kitambaa cha kichwani, akaanza kufuta. Kadiri alivyofuta ndivyo mafuta yalivyoenea. Alipoona hivyo akaacha.

"Nani aliwaambia nini juu ya mkono huu?" aliuliza kwa Kizulu.

Mtu mmoja akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni mkono wa mtawa mtakatifu. Na wote ishirini na wawili wakanigeukia mimi.

"Ni mkono wa mkhulu wami," alisema. Hata ambao hawajui Kizulu walielewa, kwa namna alivyoweka mkono kifuani. Babu yake, Bhekani Zondi, alikuwa kijana aliyewatengenezea watawa matofali. Baadaye alikwenda Johannesburg kutafuta kazi migodini, na hakurudi. Haikuja barua. Hawajui alizikwa wapi, wala hakuna picha yake. "Baba yangu alipotaka kunionyesha babu yangu alikuwa mtu wa kiasi gani," alisema, "alinileta hapa nione mkono wake. Mimi sijawahi hata kuugusa. Tunautazama tu."

Akatusindikiza getini, akafunga. "Watu wa Kiswahili, basi," alisema.

Kutoka milimani mpaka robot ya kwanza ya Johannesburg hakuna aliyeimba. Saa sita za kimya, bila mimi kuomba. Mama Furaha alikaa dirishani na chupa yake tupu mapajani, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Nilimpigia Gogo simu. Mara ya kwanza alisema ufunguo umepotea. Mara ya pili alisema bado unatafutwa. Mara ya tatu alisema, "Ufunguo ninao. Wewe ndiye sikutaki." Nilistahili. Lakini geti halikunisumbua kama vidole vile. Mtu yule alikuwa ameacha kitu kimoja tu duniani, na mimi nilikuwa nimekizamisha kwa ajili ya kusikilizwa.

Huko Braamfontein nilimfahamu mwalimu mmoja Mkenya, Kariuki, aliyefundisha mambo ya majengo na ambaye alikuwa amesafiri nami mara mbili. Nilimweleza yote, hata uongo wangu. Hakucheka.

"Mzee, umejaribu sabuni?" aliuliza.

"Bado."

"Asante Mungu. Usijaribu. Sabuni itapeleka hiyo mafuta ndani zaidi. Unataka udongo mweupe, laini sana, ule wa kaolini. Unasaga, unachanganya na spiriti, unabandika kama dawa ya jipu. Ikikauka inavuta mafuta inatoka nayo. Halafu unarudia. Lakini anza na tofali lingine kwanza, tafadhali. Usimfanyie huyo bibi majaribio."

"Udongo huo naupata wapi?"

"Eish, hapo sasa. Mpaka uagizwe."

Nilirudi kwa miguu kupitia Joubert Park nikiwaza kuagiza. Nikapita kwenye meza ya Mama Furaha. Tangu safari ile hakuwa amekuja maombini. Alikuwa amepanga samaki upande mmoja, na upande wa pili vipande vyeupe vya pemba. Nikachukua kimoja nikakisugua kwa kidole, kikaacha unga laini kama poda ya mtoto.

"Mama Furaha, hii ni udongo gani?"

"Njo pemba, Papa. Bamama ba mimba banakulaka. Na wewe uko na mimba?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu siku ile. Nilipomweleza alichosema mwalimu, alifunga meza saa ile ile, saa nane mchana, wateja wakiwa wamesimama.

Uani kwetu Kensington kulikuwa na rundo la matofali mekundu ya nyumba ya zamani. Tulipaka moja mafuta ya zeituni, tukaliacha linywe. Mara ya kwanza nilichanganya pemba na maji, kwa ujuaji wangu, nikapata tope na mafuta yako pale pale. Mara ya pili nilitumia spiriti kama nilivyoagizwa, tukafunika kwa plastiki, tukaacha likauke. Doa lilipungua! Mama Furaha alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Lakini baada ya siku mbili tofali liliota manyoya meupe. Mama Furaha alililamba, akajipiga paji la uso.

"Papa, hii ni chumvi! Mie njo naiweka mu pemba. Bila chumvi bamama habapendi."

Kumbuka hilo, kijana: kabla ya kuweka kitu chochote kwenye ukuta wa kale, uliza kimetengenezwaje, na umuulize anayekitengeneza. Mwalimu Kariuki ana vyeti vya kujaza ukuta, lakini habari ya chumvi ilijulikana na mwanamke mmoja tu, mwenye meza ya samaki. Akaenda kutafuta pemba isiyotiwa kitu, tukarudia mara tatu, na tofali likawa safi.

Safari hii sikupiga simu. Tulikwenda wawili, mimi na Mama Furaha, na mfuko wa pemba, na lile tofali la Kensington nimelifunga kwenye taulo. Gogo Zondi alitukuta mlangoni kwake. Nilimwamkia, kisha nikasema nilichokuja kusema, kwa Kizulu changu kibovu.

"Gogo, hakuna aliyeniambia habari ya mtawa. Niliitunga mwenyewe, ili watu wanisikilize. Huyu mama aliniuliza kama apake mafuta, na mimi ndiye niliyesema apake."

Kisha nikamweleza jinsi pemba ilivyovuta mafuta kwenye lile tofali. Gogo alichukua tofali langu, akaligeuza juani, akalinusa.

"Na mkono wa babu ukiharibika zaidi?"

"Unaweza kuharibika, Gogo. Sijui."

"Angalau leo hudanganyi," alisema, akaenda kuchukua ufunguo.

Mama Furaha ndiye aliyebandika. Hakutaka mtu mwingine. Aliipaka pemba unene wa kidole, taratibu, akiingiza kwenye kila mstari wa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba kwa sauti. Tulifunika, tukasubiri. Kesho yake tuliibandua imegeuka njano. Tukaweka nyingine. Gogo alileta kiti akakaa hapo siku zote tatu, anatutazama mikono. Siku ya tatu asubuhi, jua likiwa ubavuni mwa ukuta, nilibandua ya mwisho kwa brashi laini, kipande kwa kipande. Kilitokea kidole gumba. Kikatokea cha shahada. Kikatokea kiganja chote na mistari yake.

Gogo alisimama. Alinyanyua mkono wake akauweka hewani mbele ya ule wa ukutani, bila kugusa, akautazama. Mama Furaha alilia, na mimi nililia, sioni haya kuwaambia.

Kidole kidogo kilibaki na weusi kidogo. Nikasema tunaweza kurudia mara moja zaidi.

"Acha," alisema Gogo. "Usije ukanitolea na kidole."

Kisha akanipa sharti. Watu wa Kiswahili wanaweza kurudi, lakini nisimame pale ukutani, yeye akiwapo, niwaambie ni mkono wa nani. Ndipo ilipoanza ile kanuni yangu mnayoicheka, kwamba mkifika ukutani kila mtu mikono nyuma, awe askofu au mtoto. Hata mimi.

Niliwarudisha watu wale wale ishirini na wawili. Tulisafiri usiku, tukafika asubuhi. Tulianzia kwenye mfereji, tukaenda jikoni, tukaenda ukumbi wa kulia, na mwisho tukasimama mbele ya tofali, mikono nyuma, Mama Furaha mstari wa mbele. Gogo Zondi alisimama pembeni na ufunguo wake. Nilikuwa nimezoea kuwahutubia watu robo saa mahali pale. Siku hiyo nilisema kwa Kiswahili maneno machache tu.

"Huu ni mkono wa Bhekani Zondi. Ndiye aliyetengeneza matofali haya. Alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, na hakurudi nyumbani."

Hakuna aliyeuliza swali. Katika kikundi kile hapakuwa na mtu ambaye hana nyumbani anakongojewa. Kimya kikawa kirefu kuliko dakika tano za Mzee Sibomana, na hakuna simu iliyolia.

Gogo hakujua Kiswahili, lakini katikati ya maneno yangu alikuwa amelisikia lile jina. Alinisogelea.

"Sema tena," aliniambia.

Nikasema tena, polepole, mikono yangu ikiwa nyuma.